Miaka Mingapi Tangu Nini? Mazungumzo ya Mwanza kuhusu Umri wa Miamba Geu

Mwangaluka! Wazee wangu, mama zangu, walimu, ndugu zangu wachimbaji mliovuka Kigongo–Busisi alfajiri kutoka upande wa Geita, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nashukuru sana kwa kuitwa.

Nimeombwa nizungumzie namna tunavyoujua umri wa miamba, hasa ile iliyogeuzwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi. Mwanza ndiyo mahali pake. Hapa mtu hajengi kabla hajapatana na jabali. Nyumba za Mabatini zimeegemea mawe, njia za Igogo zinapanda juu ya mawe, na mgeni akifika mjini cha kwanza anachopelekwa kupiga nacho picha ni Jiwe la Bismarck. Kila nikisimama karibu na jiwe lile hakosi mtu wa kuniuliza, "Mtaalamu, hili lina miaka mingapi?"

Jibu la haraka lipo. Itale ya Mwanza, yaani graniti ya majabali haya, ni sehemu ya kipande cha kale sana cha bara la Afrika tunachokiita Kratoni ya Tanzania, na itale nyingi za kratoni hiyo ziliganda kutoka kwenye rojo ya moto kati ya miaka bilioni 2.6 na 2.7 iliyopita. Baadhi ya miamba ya volkano ya Usukumani, ile inayozunguka migodi ya dhahabu, imezidi hapo na kufika kama bilioni 2.8. Ukilinganisha, ziwa letu limezaliwa juzi. Wataalamu wengi wanalipa umri wa kama miaka 400,000, na matope yaliyochimbuliwa chini yake yanaonyesha kwamba lilikauka mwishoni mwa zama za barafu, miaka kama 15,000 hivi iliyopita, nyasi zikaota pale ambapo leo tunatega nyavu za sangara. Majabali haya yaliliona ziwa likija, likiondoka na likirudi, na kwa umri wake wote huo ni kama hayajazeeka hata kidogo.

Jibu hilo la haraka linaitosha itale, maana itale ina siku yake ya kuganda. Taabu inaanza ukikutana na mwamba geu. Ukiliokota mkononi jiwe la naisi, lile lenye mistari meupe na meusi kama ya kitambaa, swali la "una miaka mingapi" linakuwa halijaisha. Inabidi uendelee kuuliza: miaka mingapi tangu nini? Tangu mchanga wake ulipolala chini ya maji? Tangu joto lilipoufikia? Tangu ulipopoa? Tangu ulipopanda mpaka juu ukaona jua? Zote hizo ni tarehe halali, na jiwe moja linaweza kuzibeba zote kwa pamoja, kila moja ndani ya madini yake. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote yatakuwa ni kulieleza.

Wanafunzi mnakumbuka darasa la Jiografia: miamba moto, miamba tabaka, miamba geu. Tope likizikwa kilomita nyingi chini na kupikwa linakuwa shisti inayong'aa kwa ulanga, yale madini ya magamba membamba. Chokaa inakuwa marumaru. Itale inaweza kuwa naisi. Jambo la kushika hapa ni kwamba mwamba geu unabadilika ukiwa bado mgumu. Hauyeyuki ukawa rojo na kuanza upya. Madini ya zamani yanavunjika, atomu zinahama, madini mapya yanaota mahali pa yale ya zamani, na baadhi ya yale ya zamani yanakataa kabisa kuondoka. Chukueni nyumba ya babu kijijini: msingi wa mawe aliuweka babu, kuta zikafyatuliwa upya na baba, bati likapigwa na mjukuu aliyepata pesa ya pamba. Mgeni akiuliza umri wa nyumba ile, mnampa mwaka upi? Mkimpa wa bati mmemficha babu, mkimpa wa msingi mmemficha mjukuu. Mjuzi atakagua msingi peke yake, kuta peke yake, bati peke yake, kisha atawasimulia habari za familia nzima.

Msingi wa namna hiyo, katika miamba mingi, ni punje ndogo inayoitwa zirikoni. Nasema ndogo kwa sababu ni ndogo kweli: urefu wake kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya milimita, pungufu au zaidi kidogo. Ndugu zangu wa karasha na karai, ninyi mmeishika zirikoni mara nyingi kuliko maprofesa. Mkishasaga mawe na kuchezesha karai, mchanga mwepesi unatoka na maji, na chini unabaki mchanga mzito mweusi ambao dhahabu imejificha ndani yake. Weusi ule mwingi ni chuma. Lakini katikati yake, ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, zimo punje angavu zenye ncha mbili, nyingine hazina rangi, nyingine zina wekundu wa asali. Nyingi ya hizo ndizo zirikoni. Mnazimwaga. Nasi maabara tunafanya kazi ileile yenu, kusaga, kuchekecha, kupitisha kwenye maji, kuvuta vyuma kwa sumaku, ila tunamwaga kile mnachokitafuta ninyi na kubaki na kile mnachokitupa.

Kwa nini zirikoni? Kwa sababu ya tabia yake inapoumbika. Punje hii inapokua ndani ya rojo au ndani ya mwamba unaopikwa, umbo lake la ndani linaipokea urani vizuri, maana atomu ya urani inaenea katika nafasi ya atomu ya zirikoniamu, metali inayoijenga punje yenyewe. Atomu ya risasi, ile metali nzito, haienei, inakataliwa mlangoni. Kwa hiyo siku ya kuzaliwa kwake punje ina urani kiasi, pengine gramu mia chache kwa tani, na risasi karibu hamna. Halafu muda unaanza kufanya kazi. Urani haitulii: inatoa mionzi, inapungua, inapita hatua nyingi mpaka inakuwa risasi, na risasi hiyo imezaliwa ndani, haina pa kutokea. Ukiikuta risasi humo leo unajua imetoka wapi.

Msiogope neno mionzi. Kiasi kilichomo ndani ya jabali la kawaida ni kidogo, na hatuongelei hapa mashapo ya urani kama yale ya Namtumbo. Nimeulizwa swali hili na mama mmoja anayeponda kokoto, na alikuwa na haki ya kuuliza. Katika kazi ile, kinachomdhuru ni vumbi linaloingia kifuani, na kwa hilo nawaomba wote wanaoponda mawe wafunike pua na mdomo na kulowesha mawe kabla ya kuponda.

Nirudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo uzuri wa jambo lenyewe ulipo. Urani ya asili ina aina mbili kubwa. Ile yenye uzito wa 238 inapungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47 na mwisho wake ni risasi ya uzito 206. Ile ya 235 ina haraka zaidi: nusu yake inaisha kwa miaka milioni 704, na mwisho wake ni risasi ya uzito 207. Mwendo huo haubadilishwi na joto la chini ya ardhi wala mgandamizo wala maji. Chukueni punje iliyozaliwa miaka bilioni 2.7 iliyopita. Katika kila atomu 100 za urani 238 ilizoanza nazo, leo zimebaki kama 66, na 34 zimekuwa risasi. Katika kila atomu 100 za urani 235, zimebaki 7 tu. Sasa chukueni punje iliyozaliwa miaka milioni 640 iliyopita: za 238 zimeondoka chache, 9 au 10 katika 100, na za 235 zimeondoka karibu nusu. Ni hesabu mbili tofauti ndani ya punje moja. Zikitoa umri mmoja, tunaiamini punje hiyo. Zikipishana, tunajua kuna kitu kilichoipata njiani.

Watu wengine hukasirika zikipishana. Mimi naona ndipo mwamba geu unapoanza kusema. Mwaka 1956 Mmarekani George Wetherill alichora hesabu hizo mbili kwenye grafu moja. Punje zote zisizo na dosari zinaangukia kwenye mstari uliopinda. Punje zilizopoteza sehemu ya risasi yake wakati mwamba ulipopikwa zinaanguka nje ya mpindo huo, na zikitoka kwenye jiwe moja mara nyingi hujipanga zenyewe kwenye mstari ulionyooka. Mstari huo unaukata mpindo mara mbili. Mahali pa juu panakupa siku punje zilipozaliwa. Mahali pa chini, hali ikiwa safi, panakupa siku joto lilipozifikia na kuzivujisha. Yaani upotevu wenyewe umeandikwa tarehe. Nilipoielewa grafu hiyo nikiwa mwanafunzi sikulala, na mpaka leo nikiichora ubaoni nasikia mkono unakuwa mwepesi.

Kuvuja kuna chanzo chake. Urani inapotoa mionzi inalipiga umbo la punje kutoka ndani, na punje yenye urani nyingi huchoka, ikawa na rangi ya kahawia na ukungu, na risasi ikapata mianya. Ushahidi wa mapigo hayo nimekuja nao. Pale mezani kuna hadubini, na chini yake kuna sahani ya naisi iliyosagwa mpaka unene wa milimita 0.03, mwanga unapita ndani yake kama kwenye karatasi. Mtaona ulanga mweusi, ambao kwa unene huo unakuwa wa rangi ya chai kavu. Ndani ya ulanga huo tafuteni kidoa kidogo sana, kinang'aa, na kimezungukwa na duara jeusi kama jicho lililopakwa wanja. Kidoa hicho ni zirikoni. Duara lile ni mahali mionzi yake ilipofika ikauchoma ulanga, na upana wake ni sehemu chache za mia za milimita, kwa sababu mionzi ya namna ile ndani ya jiwe haiwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. John Joly wa Dublin aliyaeleza maduara hayo mwaka 1907. Yamekuwa yakitiwa wino kwa mamilioni ya miaka, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kuyaona kwa jicho lake leo asubuhi.

Zamani ili kupima umri ilibidi kuyeyusha punje nyingi kwa tindikali zote kwa pamoja. Kwa itale haikuwa mbaya sana. Kwa mwamba geu ilikuwa ni kuchanganya babu na mjukuu halafu kutoa wastani, na wastani huo haukuwa umri wa mtu yeyote. Ufumbuzi ulikuja kutoka Canberra, Australia, ambako William Compston na wenzake walijenga mashine kubwa inayorusha mwali mwembamba wa chembe kwenye punje iliyokatwa na kung'arishwa, ikakwangua kishimo kisichozidi milimita 0.03, kisha ikazipanga atomu zilizotoka kwa uzito wake. Kuanzia miaka ya 1980 ikawezekana kuuliza katikati ya punje umri wake, halafu ukasogea kidogo ukauliza pembeni. Siku hizi wengi hutumia leza, ni haraka na nafuu zaidi.

Kabla ya kupima, punje hupigwa picha chini ya mwali wa elektroni, ikang'aa yenyewe, na hapo unaona tabaka zake. Kiini mara nyingi kina michirizi myembamba iliyofuatana, dalili kwamba kilikua ndani ya rojo. Kukizunguka kuna ganda lisilo na michirizi, wakati mwingine jembamba kuliko unywele, ambalo liliota mwamba ulipokuwa unapikwa. Ganda la namna hiyo mara nyingi lina thoriamu kidogo mno ukilinganisha na urani, kwa sababu wakati huohuo kulikuwa na madini mengine yanayoigombania thoriamu. Dalili hizo mbili zikikubaliana, unaweza kusema kwa moyo mkunjufu: kiini hiki ni cha kuzaliwa, ganda hili ni la kupikwa.

Madini yanayoigombania thoriamu ni monaziti. Ikiwa zirikoni ndiyo shahidi wa kuzaliwa, monaziti ndiyo shahidi wa moto. Tope likipikwa likavuka nyuzi 500 hivi, monaziti huanza kuota ndani yake, na kwa kuwa imejaa thoriamu na urani inabeba tarehe ya kuota kwake. Baada ya hapo yako madini mengine yanayofunga milango, yaani yanaacha kuvujisha kile tunachokihesabu ndani yake, kwa joto la chini zaidi kadiri mwamba unavyopoa. Titaniti hufunga kama kwenye nyuzi 650. Ulanga mweusi, ambao tunaupima kwa potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni, hufunga kwenye nyuzi 300 hivi. Zirikoni yenyewe hushikilia risasi yake hata juu ya nyuzi 900, ndiyo maana moto unaogeuza mwamba mzima unaweza kushindwa kumfuta babu aliye ndani. Nadharia ya milango hii iliwekwa sawa na Martin Dodson mwaka 1973. Ganeti, yale mawe mekundu ya mviringo mnayoyaona kwenye shisti, nayo hupimwa kwa lutetiamu na samariamu, lakini hilo tutaliacha kwa siku nyingine. Muhimu ni kwamba ukizipanga tarehe hizo pamoja na joto la kila mlango, unapata safari ya jiwe tangu kilindini mpaka juu.

Mwalimu mmoja amenikumbusha nje kwamba wanafunzi huuliza kwa nini tusitumie kaboni 14, maana ndiyo wanayoisikia. Kaboni 14 hupungua nusu kwa miaka 5,730 tu. Kwa matope ya ziwa na mifupa ya kale ni nzuri, na ndiyo iliyosaidia kujua ziwa lilikauka lini. Kwa jabali, kaboni hiyo ingekuwa imeisha zamani mno kabla ya mnyama wa kwanza kuwa na mifupa.

Haya, sasa asili. Umri unatuonyesha pia ulikotoka mwamba, na mfano wa mbali unaojulikana ni wa Jack Hills, Australia Magharibi. Pale kuna mwamba wa mchanga na kokoto uliolazwa kama miaka bilioni 3 iliyopita, kisha ukapikwa. Ndani yake kuna punje za zirikoni zilizookotwa na mito ya wakati huo kutoka milima iliyokwisha kutoweka, na mwaka 2001 ilitangazwa kwamba mojawapo ina miaka bilioni 4.4. Dunia yenyewe ina kama bilioni 4.55. Mwamba uliozaa punje ile haujaonekana popote. Umebaki mtoto wake peke yake ndani ya jiwe la watu wengine.

Mfano wa karibu unanigusa zaidi, kwa sababu unatuhusu sisi. Mashariki ya kratoni yetu kuna mkanda mrefu wa miamba geu unaoshuka kutoka Kenya, ukapita Upare, Usambara, Uluguru, mpaka Msumbiji. Mwingereza Arthur Holmes, kijana aliyekuwa ametoka kuupima mwamba wa Norway kwa urani na risasi, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, hakuyapata, akaugua malaria vibaya. Lakini naisi za kule hazikumtoka akilini, na miaka arobaini baadaye ndiye aliyeupa mkanda huo jina la Mkanda wa Msumbiji. Ndani yake ndimo ilimo tanzanaiti ya Mererani.

Sasa kuna mtu mnayemfahamu wengi kwa siasa, Profesa Sospeter Muhongo wa Musoma, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini. Sisi wanajiolojia tulimjua kwanza kwa zirikoni. Mwaka 2001 yeye na wenzake Alfred Kröner na Alexander Nemchin walichapisha umri wa punje kutoka kwenye miamba geu ya mkanda huo nchini Tanzania. Kazi yao na nyingine zilizoifuata zilionyesha kwamba kilele cha moto kilikuwa karibu na miaka milioni 640 iliyopita, wakati vipande vya bara la kale la Gondwana vilipokuwa vinagongana. Hiyo ndiyo tarehe ya kupikwa. Lakini katika sehemu za magharibi za mkanda huo punje nyingi zina viini vya miaka bilioni 2.6 na 2.7.

Ziangalieni tena namba hizo. Ndizo za itale ya hapa. Maana yake, ardhi yenyewe iliumbwa pamoja na ya kwetu, ilikuwa ukingo wa kratoni hiihii, kisha ukingo huo ukabanwa, ukazikwa, ukapikwa, mpaka sura yake ikawa nyingine kabisa. Mtu akisimama kwenye naisi ya upande wa Morogoro na mwingine akasimama juu ya jabali la Capri Point hapa Mwanza, kwa macho hawawezi kudhani wamesimama juu ya ndugu wa tumbo moja. Hakuna ramani ya rangi za mawe iliyoweza kulionyesha hilo. Limeonyeshwa na punje zinazoenea kwenye ncha ya kidole. Kwangu hili ni jambo kubwa kuliko dhahabu yote ya Geita, na nalisema mbele ya wenye dhahabu.

Kati ya moto huo na itale kuna tukio jingine. Upande wa Iringa, kwenye kilima cha Yalumba, yamepatikana mawe yanayoitwa ekilojaiti, ganeti nyekundu ndani ya madini ya kijani. Mawe ya namna hiyo hupatikana pale sakafu ya bahari inapovutwa na kuzamishwa makumi ya kilomita chini ya bara. Monaziti na titaniti za eneo hilo zilipopimwa katika miaka ya 1990 zilitoa karibu miaka bilioni 2. Kwa hiyo ukingo wa kratoni yetu uliwahi kuwa pwani ya bahari iliyokwisha kumezwa, na wataalamu walikuwa bado wanabishana kama katika zama hizo ardhi ilikwishaanza kumeza sakafu zake kwa mtindo wa leo. Mashahidi wale wa Yalumba walitajwa duniani kote.

Ndugu wachimbaji, najua mnasubiri niseme haya yanawasaidia nini. Miamba ya Geita yenye mikanda ya chuma nayo imegeuzwa, ingawa kwa joto dogo kuliko la Uluguru. Dhahabu haikuzaliwa pamoja nayo. Iliingia baadaye, ikiletwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa baada ya miamba kukunjwa. Dhahabu yenyewe haina urani ya kupima, kwa hiyo tunaizingira. Ukikuta mwamba moto uliopenya ukakata mikunjo, na mshipa wa dhahabu ukaukata mwamba huo, basi dhahabu ni changa kuliko mwamba ule, na zirikoni za mwamba ule zinakupa mpaka. Ukikuta mwamba mwingine umeukata mshipa, una mpaka wa upande wa pili. Mwenye kujua dhahabu iliingia lini na kwa ufa wa mwelekeo gani hachimbi duara, yaani shimo la mgodi, kwa kufuata ndoto. Kwa hiyo mkiona ukuta wa duara una mwamba wa rangi nyingine uliokatiza, msiuone kama taabu ya kumaliza baruti. Piga picha, weka kipande.

Nina jambo moja linaloniuma. Punje zetu nyingi hupimwa ughaibuni, Australia, Ujerumani, Afrika Kusini, na mara nyingi kijana wetu anaziona namba kwenye barua pepe tu bila kuiona mashine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa wanajiolojia hodari, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma ina ramani na watu. Nchi yenye miamba ya umri huu inastahili maabara yake ya leza na wataalamu wa kuiendesha. Wenye mamlaka mlioko humu mlibebe hilo. Wakati tunasubiri, kazi ya kwanza haihitaji mashine, inahitaji nyundo na daftari, na hii yaweza kufanywa na shule yoyote ya mkoa huu.

Chukua jiwe lisilochakaa, kutoka kwenye mwamba wenyewe, usiokote lililoviringika. Kwa itale au naisi kilo mbili mpaka tano zinatosha. Kwa miamba myeusi chukua zaidi, maana zirikoni zake ni adimu. Piga GPS ya simu, andika namba zake kwenye mfuko na kwenye daftari pia, kwa kuwa mfuko huchanika. Andika jina la kijiji, andika mwamba ulio jirani na upi umekata upi. Jiwe likiwa na mistari, weka alama ya upande uliokuwa juu na mshale wa kaskazini kabla hujaling'oa, kwa sababu likishatoka hakuna maabara itakayoweza kukurudishia mwelekeo wake.

Hadubini iko meza ya kushoto, karibu na dirisha. Wanafunzi watangulie, msiguse skrubu ya katikati. Maswali nayapokea kuanzia sasa. Wabeja sana.